Sindano ya Sukari, na Chui wa Barabara ya Kasenga

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni au mlangoni pa kanisa hunitazama miguu kwanza, kisha uso. Halafu anauliza: "Walikuchoma nini kule?" Nimelisimulia jambo hili vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana, kwa hiyo nimeamua kuliandika lote mara moja. Mambo ya ruhusa, tikiti na mihuri nayaruka. Hakuna anayeumwa kisigino kwa sababu ya mihuri.

Likasi hadi Lubumbashi

Kwa wasionijua vizuri, kama wapo hapa Likasi, mimi ni mtoto wa mchoma makaa wa Kakanda. Nilianza kazi kwa kufagia karakana. Nilisoma usiku, nikapelekwa Ubelgiji, nikarudi na diplome ya umeme wa viwandani ambayo imetundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona. Wenzangu wawili niliosoma nao walibaki kule kwenye baridi. Mimi nilirudi, na leo ndimi mkuu wa matengenezo ya umeme kiwandani, kiti ambacho zamani hakuna mtoto wa nchi hii aliyekikalia.

Lakini kiti hicho si cha kukalia. Mashine zangu ziko juu, karibu na paa, na njia ya kuzifikia ni ngazi za chuma zilizosimama wima kama mtu mwenye hasira. Nilizipanda kwa miaka mingi bila kuzifikiria. Kisha kano la kisigino cha kulia, ule uzi mnene unaotoka nyuma ya kisigino kwenda kwenye shavu la mguu, likaanza kuuma. Asubuhi nilipotoka kitandani hatua za kwanza zilikuwa kama kukanyaga chupa iliyovunjika. Nyuma ya kisigino kikaota kinundu kigumu. Daktari wa kampuni alinifunga plasta, akanipa vidonge, akanichoma sindano moja iliyonipoza kwa msimu mmoja, na maumivu yakarudi yakiwa yamenenepa. Mwishoni akaniambia waziwazi:

"Shefu, nenda likizo yako yote. Ukirudi utapanda ngazi mbele yangu. Ukishindwa, nitaandika hufai tena kwa kazi ya juu. Watakupa kazi ya magasini."

Magasini! Kukaa stoo nyuma ya dirisha na kuwagawia watu glavu. Mke wangu alisema si aibu. Nilimjibu kwamba aliolewa na fundi, hakuolewa na dirisha.

Binamu yangu anayefundisha Mulungwishi ndiye aliyenipa njia. Kifundo chake cha mguu kilikuwa kimelegea tangu enzi zake za mpira, kikimwangusha hata kwenye sakafu tambarare. Akaenda kwenye hospitali ya misheni moja upande wa Kilwa, kwenye ziwa la Mweru, kwa masela, mtawa ambaye ni daktari, anayechoma maji ya sukari ndani ya kano. Alirudi anatembea. Nilicheka kuhusu hiyo sukari. Kisha nikafunga sanduku.

Treni ilitoka Likasi vizuri, ikafika Luisha ikalala. Tulisubiri treni ya madini ipite, maana shaba haisubiri watu. Abiria walishuka, mama mmoja akauza mayai ya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi, na mzee niliyekaa naye akaniuliza ninaenda kutibiwa nini. Nilipomwambia, aliniuliza kwa upole mkubwa:

"Baba, hiyo sukari, haikutoka ku duka? Wangekuchomea nyumbani."

Nilimweleza kwa kirefu. Nadhani nilimweleza kwa kirefu zaidi ya nilivyojua. Alikula yai lake, akasinzia. Lubumbashi tulifika jua limechoka, nikalala kwa shemeji yangu wa mtaa wa Katuba, ambaye alinipikia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo na kunishauri nikatwe mguu mapema, kabla haujaambukiza mwingine.

Lubumbashi hadi Kasenga

Barabara ya Kasenga ni ya malori ya samaki. Yanakwenda na makapu matupu, yanarudi na makapu yanayonuka. Nilikuwa nimeongea na dereva mapema, nikapewa nafasi mbele, karibu naye, kwa heshima ya mguu wangu na ya abakosti yangu mpya, ile suti isiyovaliwa tai. Nilikuwa nimekwisha kaa na kunyoosha mguu alipotokea mama mmoja mnene, mwenye vitenge viwili vizuri na sauti ya mtu aliyezoea kuuza kwa kelele. Watu walimwita Mama Mwansa. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki, anaijua barabara ile kama mimi ninavyozijua nyaya zangu.

Aliniangalia kupitia dirishani.

"Weye, tata wa abakosti. Mama yako ni wa wapi?"

"Wa Luapula, mama."

"Ukoo gani?"

Sikuona hatari. Baba yangu ni Msanga, lakini ukoo wetu unafuata mama, na mama yangu alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Nikasema hivyo.

Alipiga makofi mara moja, makubwa.

"Nyama! Bantu, mukuye mutazame! Nyama yangu imetoka mpaka Likasi, imevaa na viatu!"

Lori lote likacheka. Nilikuwa nimesahau, maana mjini mambo haya hulala: Chui na Mbuzi ni watani. Tangu mababu, Chui anaweza kumtukana Mbuzi mbele ya watu, kumnyang'anya alichoshika mkononi, na Mbuzi hana ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika analipa kuku, na aibu yake inasafiri mbele yake kijiji kwa kijiji. Ni kweli kwamba Mbuzi naye anaweza kumfanyia Chui vivyo hivyo. Lakini inabidi aanze kwanza.

"Toka pale mbele," alisema. "Umeona wapi mbuzi anakaa ku kiti, chui anakaa na makapu?"

"Mama, minye niko mugonjwa wa muguu."

"Mbuzi ya kilema njo mutamu. Haiwezi kukimbia."

Nilimgeukia dereva. Dereva alikuwa anatazama mbele kwa bidii, kama vile barabara imeanza kutembea.

"Shefu, shuka tu," alisema. "Mambo ya batani, minye siingiake."

Nilisafiri juu ya makapu matupu hadi Kasenga, na abakosti yangu ikachukua harufu ambayo mke wangu bado anaitafutia sabuni. Lazima niseme pia kwamba kila lori liliposimama, Mama Mwansa alinirushia chakula kutoka dirishani: kipande cha kikanda, ile keki ya mizizi na karanga, ndizi, muhogo wa kuchoma. "Kula," alisema. "Sitaki mifupa." Huo nao ni utani. Chui analisha anachotaka kula.

Kasenga hadi misheni

Boti ya kwenda Kilwa ilipaswa kuondoka asubuhi. Haikuondoka. Mwenye boti alisema injini imekufa, na alisema kwa sauti ya mtu ambaye ameshazika nyingi. Nilimwambia asogee. Mimi ni mtu wa umeme, lakini injini ni injini. Nililala kifudifudi, nikasafisha plagi, nikafungua bomba la mafuta nikatoa ndani yake takataka zilizofanana na uji, nikarudisha kila kitu. Ikanguruma. Watu walishangilia, na sitaficha kwamba nilisimama kidogo ili washangilie vizuri. Nilipotaka kuruka ndani ya boti, kano likanikumbusha ni nani mwenye safari. Walinibeba wawili, mmoja kila kwapa.

Mto Luapula ulitupeleka polepole, ukafunguka ukawa ziwa. Mtu anayeweza kufufua injini ya mwenzake, na hawezi kuingia botini bila kubebwa, anapata la kufikiri. Nilijiuliza kama nitakuwa mtu yule yule nyuma ya dirisha la magasini. Sikupata jibu lililonipendeza.

Kwa masela

Hospitali ya misheni ilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye baraza, na jiko la jamaa za wagonjwa nyuma. Masela Klara, mtawa mzungu mwenye mikono mikubwa ya mkulima, ndiye alikuwa daktari. Alizungumza Kiswahili cha kwetu bila kujikwaa. Nilijitambulisha kwa cheo, kwa diplome na kwa mji niliosomea.

"Vizuri, citoyen," alisema, akiniita mwananchi kama wengine wote. "Sasa panga musururu. Weye uko nyuma ya ule mama wa mutoto."

Zamu yangu ilipofika alinilaza kifudifudi, akashika kano kwa vidole viwili, akalifuata taratibu mpaka nikapiga kelele.

"Hapa," alisema. "Sikiliza. Mahali pale pameumia zamani, pakapona vibaya. Damu inafika kidogo sana. Mwili umepachoka, umeacha kupashughulikia. Minye nitaweka maji ya sukari ndani. Yatapachokoza. Patavimba, patauma. Mwili utafikiri kuna jeraha mupya, utaleta kazi tena."

"Kama kupiga kengele ya hatari," nilisema, "ili mafundi warudi kwenye mashine waliyoiacha."

"Bon. Weye ni mutu wa mashine, umefahamu. Lakini sikia na hii ingine: kwa bamoja inasaidia, kwa bengine hapana. Sikuahidi kintu."

Kisha akanipa amri. Nisinywe aspirini wala kidonge chochote cha kutuliza uvimbe. Nisiweke maji ya baridi. Nitembee kidogo kila siku, polepole, bila kukimbia na bila kulala siku nzima. "Ule moto njo dawa," alisema. "Ukiuzima, umefanya kazi ya bure."

Alichoma mahali kadhaa kwa sindano nyembamba. Nimepigwa na umeme kazini, najua ninalolisema: umeme una heshima zaidi, unakuja na kuondoka. Hii ilikuja ikakaa. Jioni kisigino kilikuwa kama bukari iliyotoka motoni.

Nilikaa pale majuma kadhaa, maana sindano haiwi moja. Unachomwa, unavimba, unapoa, unachomwa tena. Jikoni wanawake walikuwa wamesikia habari ya sukari, wakaamua kwamba mimi ni mtu tajiri ambaye mwili wake umezoea vitamu mpaka mguu umegoma kwa kukosa. Kila asubuhi mmoja wao aliniletea chai bila sukari akisema, "Tata, chovya kisigino." Nilijaribu kuwafundisha. Walinisikiliza vizuri, na kesho yake chai ilikuja vile vile.

Katika muda ule nilianza kuona kitu, kidogo tu: hatua za kwanza za asubuhi zilipunguza ukali. Baada ya sindano ya mwisho Masela Klara alinifungia sanduku la maneno yale yale. Moto usizimwe.

Sasa niseme kuhusu kopo. Mke wangu alikuwa amenifungia kopo la aspirini kutoka duka la dawa la kampuni, limejaa. Masela aliniambia nilitoe kwa mtu mwingine. Sikulitoa. Fundi hatupi kipuri. Niliamini kwamba mtu aliyesoma anaweza kutembea na kitu mfukoni bila kukitumia.

Kurudi: daraja la magogo

Kasenga nilipanda lori la samaki nikiwa na uvimbe wa sindano ya mwisho, na mbele ya lori, kwenye kiti changu, alikuwa amekaa nani?

"Nyama yangu imerudi!" alisema Mama Mwansa. "Na imenona. Banakulisha nini kule?"

"Sukari," nilisema, na nikapanda juu bila kuambiwa, kati ya makapu ya samaki wa makobo waliokaushwa kwa moshi.

Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Kila shimo lilinipiga kisigino kama nyundo. Tulipofika kwenye kijito kimoja tukakuta daraja limelegea, magogo mawili yamekwenda na maji, na wanaume wa kijiji cha jirani wanakata mengine. Dereva alizima injini. Watu wakashuka, wakawasha moto, samaki wakaanza kuliwa na wenye samaki.

Mimi nilibaki nimeegemea gurudumu. Sijawahi kuumwa hivyo. Maumivu yalikuwa yamepanda mpaka gotini, na mguu ulidunda kama una moyo wake. Nikaanza kufanya hesabu za mtu anayeumwa, ambazo siku zote hutoa jibu moja: vidonge viwili tu. Masela yuko mbali. Viwili haviwezi kuzima moto wote. Na hata kama vitauzima, je, yeye mwenyewe hakusema kwamba haahidi kitu? Nikatoa kopo. Nikalifungua. Vidonge viwili vilikuwa tayari kiganjani, nikimwita mtu aniletee maji.

Aliyekuja ni Mama Mwansa. Hakuwa na maji. Aliinama, akachukua vidonge kutoka kiganjani mwangu, kisha akachukua kopo.

"Mama, ile ni dawa!"

"Ya nani?"

"Yangu!"

"Kintu ya mbuzi ni ya nani?" aliwauliza watu.

"Ya chui!" walijibu wote, hata watoto.

"Mama, sikiliza, niko na maumivu kweli."

"Minye nayo mugongo inauma tangu juzi. Mbuzi, dawa yake ni chumvi." Akatia vidonge vyangu viwili mdomoni, akavitafuna vikavu bila kukunja uso.

Nilisimama. Ndani yangu ilipanda hasira ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mfagizi. Nilitaka kumwambia mimi ni nani, nimesomea wapi, na kwamba anaiba dawa ya mgonjwa. Dereva aliniona uso. "Shefu," alisema taratibu, "kuku." Na wote wakanitazama, wakisubiri kama Mbuzi wa Likasi atakasirika na kuuaibisha ukoo mzima wa mama yake kwa ajili ya kopo.

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichotoka kwa kusukumwa, lakini kilitosha. Mama Mwansa akazunguka na kopo, akigawa kidonge kimoja kimoja kama komunyo: kwa dereva aliyekuwa na kichwa, kwa mzee mwenye meno, kwa mwanamke mwenye magoti, kwa wakata magogo ambao hawakuumwa popote lakini hawakutaka kupitwa. Kopo lilirudi kwangu tupu, na ndani yake kipande cha samaki.

Daraja lilipokwisha kutengenezwa, dereva alisema lori lipite bila watu. Tukavuka kwa miguu, na ng'ambo barabara ilikuwa matope, kwa hiyo tukaendelea kutembea nyuma ya lori. Mama Mwansa alitembea pembeni yangu kwa mwendo wangu, ambao haukuwa mwendo. Alinitukana njia nzima. Alisema Likasi kumbe kunafugwa mbuzi wa mapambo. Alisema nikifa atakuja mazikoni kunitupa shimoni mwenyewe na kula vya wafiwa. Mimi nikakumbuka kwamba mdomo ninao pia. Nikamwambia chui aliyezeeka huanza kula vidonge kwa sababu meno hayawezi nyama. Alicheka mpaka akasimama kushika mbavu, na watu wakanipigia makofi.

Sikumbuki ni mahali gani hasa maumivu yalianza kushuka. Nilitambua tu, wakati fulani, kwamba tumekuwa tukitukanana muda mrefu na sikuwa nimeutazama mguu.

Alishuka kabla ya Lubumbashi, kwenye soko dogo. Pale ndipo nilipomweleza ukweli wote: kwamba dawa ile nilikatazwa, na kwamba kama angeniacha ningeimeza. Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya lugha ngeni.

"Minye sikujua kintu," alisema. "Mugongo ilikuwa inauma." Akawaita wabeba mizigo.

Likasi, ngazi

Siku ya ngazi walikuja watu wengi kuliko waliokuwa na kazi pale. Vijana wangu wa umeme walisimama mstari, daktari wa kampuni akiwa na stetoskopu shingoni, sijui alitaka kusikiliza nini. Mkuu wa magasini naye alikuwepo, na simlaumu: ngazi ndizo zingeamua kama nitakuwa mtu wake.

Nilipanda. Hatua za kwanza zilikuwa nyepesi, nikapata kiburi, nikaongeza mwendo, na katikati kano likavuta. Nikasimama. Lilikuwa vuto la kamba iliyoshika, si lile la chupa iliyovunjika; nilingoja nilijue vizuri, kisha nikaendelea kwa mwendo wa mtu anayetembea nyuma ya lori. Juu nikashika bomba, nikainuka kwa vidole vya mguu wa kulia peke yake. Ulitetemeka. Ulinibeba.

Kushuka ndiko kunakotoa ukweli wa kisigino, na nilishuka nikiangalia mbele. Daktari hakunipa mkono. Alisema, "Vua kiatu." Akabonyeza pale pale.

"Inauma?"

Mnanijua. Mbele ya wale vijana, mbele ya yule wa magasini, jibu langu la kawaida lilikuwa tayari mdomoni.

"Kidogo," nilisema.

Alibonyeza tena, akalinganisha na mguu wa kushoto. Aliniuliza kuhusu sukari, nikamweleza. Alisema hakufundishwa jambo hilo, na kwamba mapumziko marefu peke yake yanaweza kufanya mengi. Huenda. Mimi ni mtu wa mashine. Nikibadilisha vipuri vitatu kwa pamoja na injini ikawaka, siwezi kuapa ni kipi kilichoiwasha. Kulikuwa na sindano, kulikuwa na majuma bila ngazi, na kulikuwa na ile barabara ya matope. Kwa hiyo mnaoniuliza kama muende nanyi, nawajibu alivyonijibu masela: siahidi kitu. Kinundu bado kipo, kimepungua tu.

Daktari aliandika kwamba nafaa, na kwamba nirudi kwake atazame tena. Watu walitawanyika, wengine kwa furaha, yule wa magasini kwa heshima.

Jumatatu asubuhi mota moja iligoma kule juu. Nilichukua begi la vifaa, nikapanda. Hakuna aliyenitazama.